Mjukuu Aliyetanguliza Makalio

Tunduma,
mwezi wa saba

Mama yangu mpendwa,

Pokea shikamoo mbili. Ya kwanza ni yangu. Ya pili ni ya mjukuu wako, ambaye kwa sasa hawezi kuisema mwenyewe kwa sababu mdomo wake una kazi nyingine. Mgongo wako unaendeleaje tangu mlipomaliza kupura alizeti? Na baba, bado anakohoa huku akisema si kikohozi, ni koo tu linamwasha? Mwambie aache ubishi aende zahanati, mimi mwenyewe nimekuwa mtu wa hospitali siku hizi na sijafa.

Sisi huku tu wazima. Baridi ya Tunduma mwezi huu ni kali, upepo unapiga mabati mchana kutwa, nami nimefungwa mablanketi na vitenge mpaka nafanana na mzigo unaosubiri kuvushwa mpaka. Kidonda kimekauka vizuri. Nakula, nalala pale mtoto anaponiruhusu, na nacheka, ingawa siku za kwanza kucheka kuliniuma mpaka nikawa nawaomba wageni wasiniletee habari za kuchekesha.

Nimeona niandike kwa sababu ya ile simu. Niliposema nimejifungua mtoto wa kike ulipiga kigelegele mpaka nikaitoa simu sikioni. Halafu nikasema operesheni, na nikasikia kimya. Halafu kaka Yona akachukua simu akasema, "Mama analia. Anauliza, wamekukata kwa nini? Anasema kwetu wanawake hawakatwi." Nikajaribu kueleza, wewe ukawa unasikia "nini? nini?" tu, simu yako ile na masikio yako wanajua wenyewe wanavyoelewana. Basi nimekaa nimeandika yote tangu mwanzo, na barua hii anakuletea dereva mmoja anayefanya kazi na mume wangu Baraka, anapeleka mzigo Mwanza, atapita hapo Singida. Kaka Yona, wewe unayemsomea mama, usiruke mstari hata mmoja. Ukifika mahali panapokutia aibu, mpe wifi asome.

Mama, mimba yangu haikuwa na shida yoyote tangu mwanzo. Nilikuwa nashona kibandani kama kawaida. Wateja wangu ni wa pande zote mbili, Watanzania na wale wanaovuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, na tumbo lilipokuwa kubwa nilisogeza kiti nyuma nikawa nanyoosha mikono kuifikia cherehani. Baraka alikuwa safarini na lori, amekwama Kasumbalesa kwenye foleni ya kuingia Kongo, anapiga simu kila jioni kuuliza mtoto amecheza au hajacheza. Mtoto alikuwa anacheza sana. Alikuwa ananipiga mateke chini kabisa, karibu na kibofu, na huku juu chini ya mbavu nilikuwa nahisi kitu kigumu cha mviringo kinanikaba nikiinama. Mimi nikidhani ni makalio yake. Nilikuwa nakipapasa na kusema, "Mtoto ana makalio magumu huyu, atakuwa mkulima."

Mimba ilipofika wiki ya thelathini na sita nilikwenda kliniki kwenye kituo cha afya hapa mjini. Kuna muuguzi anaitwa Sista Tumpe, mama wa makamo, mchangamfu, ana mikono ya moto hata kwenye baridi hii. Akanilaza, akapapasa tumbo chini, akapapasa juu, akarudi chini. Akakishika kile kigumu cha chini ya mbavu akakitikisa kidogo kwa vidole, kikacheza huku na huku kama embe kwenye mfuko.

"Rehema," akasema, "hiki umekuwa ukikiita nini?"

"Makalio, Sista."

"Hiki ni kichwa. Makalio yako huku chini mlangoni. Mtoto wako amekaa kitako."

Nilicheka, Mama, nikadhani utani. Yeye akacheka kidogo, kisha akavuta kiti akakaa. Akanieleza kwamba watoto wengi hukaa hivyo miezi ya katikati, na wengi hugeuka wenyewe kichwa kikatazama chini kabla ya muda kufika. Wa kwangu alikuwa bado hajageuka na nafasi inazidi kupungua. Shida ya mtoto anayetanguliza makalio ni kwamba sehemu kubwa kuliko zote, kichwa, hutoka mwisho. Mwili ukishatoka hakuna tena muda wa kusubiri kichwa. Pia kamba ya kitovu inaweza kuteleza ikatangulia, ikabanwa. "Kwa hiyo huyu hatazaliwa hapa kwangu, wala hatazaliwa nyumbani," akasema. "Nakuandikia uende Vwawa, hospitali kubwa, ukaonane na daktari. Na nisikilize vizuri: chupa ikipasuka, usisubiri uchungu. Usioge, usifue, usimalize kushona gauni la mtu. Njoo hapa hapo hapo."

Nikarudi nyumbani kichwa kimejaa. Nikamuuliza kila mwanamke niliyemwona. Mmoja akaniambia nipige magoti, niinamishe kichwa mpaka sakafuni na makalio juu, mtoto atapinduka. Nilikuwa nimeshamuuliza Sista hilo, akasema halina ubaya ila asinidanganye kwamba linasaidia. Mimi nikafanya hata hivyo. Asubuhi moja kabla wateja hawajaja nikafunga pazia la kibanda, nikainama hivyo katikati ya vipande vya vitenge, shavu limelala sakafuni. Pazia likafunguliwa. Alikuwa Bana Chanda, mteja wangu wa Nakonde, mama mkubwa wa mwili na wa moyo, huwa namshonea suti za vitenge anakwenda kuuza kwao.

"Bamayo!" akasema kwa Kibemba chake, halafu akaendelea kwa Kiswahili. "Umepoteza sindano?"

"Hapana, namgeuza mtoto."

Akaweka mfuko wake chini, na yeye akapiga magoti kunisaidia kuinuka, tukashindwa wote wawili kuinuka kwa kucheka. Tuliinuliwa na muuza viatu wa jirani.

Ni huyu Bana Chanda aliyeniambia kwamba ng'ambo kwao kuna mama anayekanda matumbo kwa mafuta, anaisogeza mimba mpaka mtoto anageuka. Mama, nakwambia ukweli, moyo wangu ulikwenda huko. Niliogopa operesheni. Nilikuwa nakumbuka wewe umetuzaa wote kwa nguvu zako, shangazi naye hivyo hivyo, na nikajiona nitakuwa wa kwanza kwetu kushindwa. Nikapanga kuvuka na Bana Chanda Jumamosi.

Ijumaa akashuka mama mkwe.

Wewe ulimwona siku ya harusi tu, Mama, ulisema ni mwembamba na mkimya. Mwembamba ni kweli. Alitoka kijijini kwao Hasamba ameacha kahawa inaiva shambani, kipindi ambacho Mnyiha haondoki kwake hata aitwe na mkuu wa mkoa. Baraka alikuwa amempigia simu kumweleza habari za mtoto. Aliingia na debe la mahindi, kuku mmoja na blanketi, hata kiti hajakalia, akauliza, "Mtoto amekaaje sasa?" Nikamwambia bado amekaa kitako, na kwamba kesho ninavuka kwenda kukandwa.

Nilitegemea afurahi. Ni mama wa kijijini, nikajua hayo ndiyo mambo yao. Badala yake alimfungua kuku miguu polepole, akamwachia, akanigeukia.

"Hakuna mtu atakayeweka mkono kwenye tumbo hilo mpaka daktari aliangalie," akasema.

"Lakini mama, wanasema yule mama ni mzoefu."

"Rehema. Nimesema hakuna."

Na alilala kwenye mkeka karibu na mlango wangu, kama askari. Bana Chanda alipokuja Jumamosi mama mkwe alimkaribisha chai na viazi vitamu, wakaongea vizuri sana, na safari ya ng'ambo ikaisha hapo mezani.

Jumatatu tukaenda Vwawa. Daktari wa wazazi ni mwanamke, Daktari Faraja, mfupi, anaongea haraka lakini hakuharakishi. Akanipiga picha ya utrasaundi, akanionyesha mwenyewe: kichwa hiki hapa juu, mgongo huu, na miguu imenyooka kwenda juu mpaka vidole viko usoni. Mjukuu wako alikuwa amejikunja katikati kama kisu cha kukunja, Mama. Akasema kwa kuwa maji yanatosha na kondo la nyuma limekaa pazuri, anaweza kujaribu kumgeuza kwa mikono kutoka nje.

"Daktari," nikamuuliza, "si ndiyo kule kukandwa tulikokatazwa?"

Nikamwona mama mkwe ananitupia jicho. Daktari hakuudhika.

"Mikono inafanana," akasema. "Ila mimi nimeshaona kondo liko wapi. Nitasikiliza moyo wa mtoto kabla, katikati na baada. Na chumba cha upasuaji kiko nyuma ya ukuta huu, mtoto akitaabika tunaingia mara moja. Yule wa nyumbani akikosea ana nini cha kukimbilia?"

Nikakubali. Walinichoma sindano ya kulegeza mji wa mimba, moyo ukanienda mbio kama nimepandisha mlima, wakanipaka mafuta baridi. Daktari akaweka mkono mmoja chini, akamwinua mtoto makalio kutoka kwenye nyonga, kwa mkono wa pili akakisukuma kichwa taratibu kama mtu anayesukuma chapati nene. Inauma, lakini inavumilika. Nilikuwa naliona tumbo langu linabadilika umbo. Mtoto akaanza kwenda, akaenda, akafika katikati, amelala kabisa ubavu kama abiria kwenye benchi la stendi. Halafu, taratibu bila haraka, akarudi kukaa alipokuwa.

Wakasikiliza moyo, uko sawa. Wakajaribu tena. Akafika palepale, akarudi.

"Inatosha," akasema Daktari Faraja akifuta mikono. "Hatumlazimishi. Tumemwomba, amekataa."

Kutoka kwenye kona mama mkwe akasema, "Huyo ni wa Baraka. Baraka naye akishakaa humwinui."

Tulicheka wote mle ndani. Lakini mimi nilipokuwa nafunga kitenge changu machozi yalikuwa yananitoka. Daktari aliyaona, akakaa nami akanieleza mambo kwa uwazi. Akasema wapo akina mama wanaozaa mtoto wa hivi kwa njia ya kawaida, hospitalini, mikononi mwa watu wanaojua. Hakunificha hilo. Ila kwangu mimi ni uzazi wa kwanza na mtoto anaonekana mkubwa, ushauri wake ni tupange operesheni kabla uchungu haujaanza. "Mwili ni wako," akasema. "Nenda nje, ongea na mama yako, mrudi mnijibu."

Akamaanisha mama mkwe. Tukatoka tukakaa kwenye nyasi mahali panapopigwa na jua. Nikamwambia, "Mama, naogopa kisu. Kwetu hakuna aliyepasuliwa. Mama yangu atasemaje?"

Hapa, kaka Yona, soma polepole.

Mama mkwe alikaa muda mrefu anang'oa majani. Kisha akaniambia jambo ambalo hata Baraka alikuwa hajawahi kuambiwa sawasawa. Kabla ya Baraka alikuwa na mtoto mwingine, wa kwanza. Alikuwa msichana mdogo tu, ndiyo kwanza ameolewa. Ulikuwa wakati wa mvua, njia ya Hasamba haipitiki. Mtoto alitanguliza miguu. Wanawake waliokuwepo walifanya kila walichokijua, walikuwa watu wazuri, wengine dada zake mwenyewe. Mwili ulitoka, kichwa kikabaki.

"Alikuwa wa kike," akasema. "Mwili wake ulikuwa mkononi mwangu, miguu yake inacheza, huku kichwa chake bado kiko ndani yangu. Halafu ikaacha kucheza. Wamemzika mimi sijaweza hata kusimama."

Nikamshika mkono.

Akaendelea, anatazama kule barabarani, "Wewe unaogopa kisu, Rehema. Mimi nilikikosa."

Tulirudi ndani nikamwambia daktari apange siku. Karatasi ya kukubali nikaisaini mwenyewe, Baraka akiwa kwenye simu anasikiliza, anasema ndiyo, ndiyo, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Sasa ningesema tukaenda siku tuliyopangiwa na mambo yakaisha. Mjukuu wako hakutaka. Siku chache kabla, saa za asubuhi, niko kibandani naweka zipu kwenye gauni la Bana Chanda, nikasikia kitu kama puto linapasuka ndani, na maji ya moto yakateremka mpaka kwenye kandambili. Nikaangalia lile gauni, limebaki kidogo tu. Nikamkumbuka Sista Tumpe. Nikaliacha na sindano ikiwa imechomeka.

"Mama!" nikaita. Mama mkwe alikuwa nje anachambua mboga. Hakuuliza nini. Aliyaona maji, akaiacha mboga, akasimamisha bajaji kwa kusimama katikati ya njia.

Kituoni Sista Tumpe alinipima haraka kuona kama kitovu kimeteleza. Ndipo nilipoona yule mama mchangamfu hachezi kabisa. "Hakijashuka," akasema hatimaye, akapumua. Akasikiliza moyo wa mtoto, unapiga vizuri. Wakapiga simu Vwawa, gari la wagonjwa likaletwa mlangoni, nikalazwa ubavu na mto chini ya nyonga ili makalio yawe juu, Sista mwenyewe akapanda na kile kifaa chake cha kusikilizia. Uchungu ukaanza kuja, mdogo mdogo.

Tunduma hii unayoisikia, Mama, shida yake ni malori. Yanapanga foleni ya kuvuka mpaka kutoka hapa hadi huko Mpemba, na siku ile mengine yalikuwa yamejipanga mistari miwili, barabara imezibwa. Gari letu likalia king'ora, likalia, halikusogea. Dereva akatoa kichwa akapiga kelele, kimya. Madereva wengi walikuwa wameshuka wanakunywa chai.

Mama mkwe akafungua mlango wa nyuma akashuka.

Mimi nilikuwa nimelala sioni, Sista Tumpe ndiye aliyekuwa ananisimulia kutoka dirishani, na huku ananishika bega. Mama mkwe, yule mwembamba mkimya, amevua kitenge cha begani, anakipunga juu, anatembea mbele ya gari anagonga milango ya malori kwa ngumi. Anasema Kinyiha, anasema Kinamwanga, wasiojua vyote viwili anawasemesha Kiswahili. "Sogeza! Mjukuu wangu amekaa kitako!"

Dereva mmoja akamuuliza, "Amekaa kitako wapi, mama?"

"Tumboni! Na wewe umekaa hapa unakunywa chai!"

Yule dereva akamwaga chai yake akaruka kwenye lori. Akampigia honi wa mbele yake, huyo naye akampigia wa mbele. Nilisikia honi zinapokezana kwenda mbali, na injini zinawashwa moja baada ya nyingine, na gari letu likaanza kusogea. Sista Tumpe alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Kule mbele tulipopata njia, mama mkwe akapanda tena, anahema, kitenge kimejaa vumbi, akaniuliza tu, "Anacheza?"

"Anacheza, mama."

"Haya."

Vwawa walikuwa wanatusubiri. Nilikaa nimeinama wakanichoma sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikawa ya moto kisha ikawa si yangu tena. Waliweka pazia kifuani nisione. Kijana wa ganzi alikaa kichwani kwangu ananiuliza natoka wapi, nikamwambia Singida, akaniuliza kama ni kweli kuku wa huko ni watamu kiasi hicho. Nilikuwa namjibu huku nahisi kuvutwavutwa tumboni, hakuna maumivu, kama mtu anayetafuta kitu chini ya begi lililojaa.

Nikasikia Daktari Faraja anasema, "Makalio haya hapa." Kisha, "Miguu." Kisha, "Mikono." Kijana wa ganzi akaacha kuongea. Na mimi kwenye ule ukimya nikamwona yule msichana wa Hasamba kwenye mvua, Mama, nikamwona kabisa.

Halafu daktari akasema, "Na kichwa," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja kitu cha mwisho dukani. Mtoto akalia. Alilia kwa hasira, na kijana wa ganzi akanipangusa uso kwa kitambaa maana mikono yangu ilikuwa imenyooshwa.

Walimleta kwenye shavu langu, halafu wakampeleka nje kwa bibi yake wakati wananishona. Sista Tumpe alikuwa bado hajaondoka, ndiye aliyenisimulia. Anasema alitegemea vigelegele. Mama mkwe hakupiga. Alikaa chini palepale koridoni, akamfungua kanga, akakishika kichwa kwa viganja viwili, kichwa tu. Akabaki hivyo amekishika. Watu walipita wakamzunguka.

Sasa nikuchekeshe kidogo. Kwa kuwa alikaa amejikunja muda wote ule, mjukuu wako alizaliwa miguu iko juu na haishuki. Ukimlaza, miguu inapanda yenyewe vidole vinagusa masikio. Ukimvisha suruali, inakuwa kofia. Baraka alifika siku ya nne kutoka Kongo, hajaoga, akasimama mlangoni anamtazama mwanawe, akasema, "Huyu anafanya mazoezi?" Daktari alisema tusimfunge wala kumnyoosha kwa nguvu, itashuka yenyewe. Kweli imeanza kushuka. Kliniki ijayo watamwangalia tena viungo vya nyonga, kwa sababu watoto wa kukaa kitako wakati mwingine hulegea hapo, lakini mpaka sasa wanasema viko vizuri.

Na kuhusu mimi, Mama, usiwaze kwamba sasa nimeharibika. Daktari alisema nipumzike vya kutosha kabla ya mimba nyingine, na mwingine akikaa vizuri naweza kuzaa kwa njia ya kawaida, ila iwe hospitali kubwa, basi. Natembea, napika ugali mwepesi, cherehani nitaigusa mwezi ujao. Bana Chanda alilichukua gauni lake likiwa na zipu nusu, amelivaa hivyo hivyo na pini, anasema atamwonyesha mtoto akikua.

Mtoto hana jina mpaka leo. Majirani wanashangaa. Baraka alitaka mama yake ampe, baada ya yote aliyofanya. Mama mkwe akakataa. Alisema, "Mimi nimempata mikononi. Mkwe wangu yuko mbali hajapata kitu. Jina ni lake." Kwa hiyo ni juu yako, Mama. Mtajie kaka Yona, aniandikie ujumbe kwenye simu, herufi kubwa, nisikosee.

Nisalimie baba na koo lake. Msalimie wifi, nimemwekea kitenge cha kijani kwenye huo mfuko, na cheusi chenye maua ni chako, usikitunze sandukuni, kivae. Mwambie mdogo wangu Zawadi asome, na shangazi mwambie kovu langu ni dogo kuliko anavyolisimulia. Mchungaji naye mpe salamu, mwambie maombi yalifika na foleni ya malori ilifunguka. Kaka Yona, asante kwa kusoma. Najua uliruka mahali.

Wako anayekupenda na kukukumbuka,
Rehema

Mama, nilikuwa nimeshafunga. Mama mkwe amekaa hapa pembeni anamwogesha mtoto. Kesho anarudi Hasamba kwenye kahawa yake. Ameniuliza kama nimekwambia yote, nikasema ndiyo. Ndipo ameniambia niongeze maneno yake, niyaandike kama anavyoyasema. Haya hapa:

"Mkwe wangu, usilie. Mwanao hakushindwa kuzaa. Mimi nilikuwepo, nimemwona anazaa."